CRP ya mama imefika 96: je, kinga yake imekwisha?

"Daktari, mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na presha. Leo ni siku ya 6 tangu aanze mafua, homa na kikohozi kikavu, na kipimo cha UVIKO-19 kimetoka chanya. Jana tulimpeleka maabara, tukapewa karatasi yenye majibu haya: CRP 96, limfosaiti 0.7, nyutrofili 6.3, feritini 780, D-dimer 0.9. Kijana wa maabara ametuambia kinga ya mama imeshuka vibaya. Wa duka la dawa anashauri tumuanzishie deksamethasoni na azithromaisini leo leo kabla mambo hayajaharibika. Jirani ameleta vidonge vya kuongeza kinga, na kaka yangu anataka tupime upya kila siku. Mimi nimechanganyikiwa. Namba hizi zinasema mama anaelekea kubaya? Tufanye nini?"

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonitia wasiwasi si hiyo 96. Umeniandikia namba tano za damu, lakini hakuna hata moja ya pumzi. Sijui mama anapumua mara ngapi kwa dakika, wala kama akitoka kitandani kwenda msalani anarudi anahema. Hayo ndiyo ningeuliza kwanza, karatasi ya maabara ikiwa bado imekunjwa.

Kwa hiyo weka simu chini kidogo, ukamhesabu. Aketi, atulie dakika chache, kisha tazama kifua au tumbo lake likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Usimwambie unahesabu, maana mtu akijua anatazamwa hubadili pumzi bila kutaka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukipata zaidi ya 24, mpeleke hospitali leo, hata kama anasema yuko sawa. Ukipata zaidi ya 30, usisubiri kumaliza kusoma haya.

Sasa tuifunue karatasi, maana nayo ina lake la kusema.

Kijana wa maabara alikusudia mema, ila amekupa maelezo yaliyogeuka kichwa chini miguu juu. CRP kuwa 96 haina maana kwamba kinga imelala. Ni protini inayotengenezwa na ini, na ini huitengeneza likipokea amri kutoka kwa seli za kinga. Virusi vikiingia kwenye seli zinazotanda njia ya hewa, seli hizo hupiga kelele kwa kemikali. Seli kubwa za ulinzi zilizomo mapafuni, makrofaji, huitika na kumwaga kemikali nyingine kwenye damu, mojawapo ikiitwa interlukini-6. Hiyo husafiri hadi kwenye ini, na ini hufyatua CRP kwa wingi. Kwa mtu asiye na ugonjwa kiwango huwa chini ya 5 au 10 kwa vipimo vya miligramu kwa lita. Mwako, yaani mapambano ya kinga, ukianza mwilini, CRP hupanda ndani ya saa 6 hadi 8 na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Kwa hiyo 96 ya mama inasema kinga yake iko kazini, tena kazi nzito.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. CRP ni mbiu ya namna hiyo: inakuambia kuna jambo, haikuambii ni jambo gani. Malaria huipandisha. Kifua kikuu huipandisha, hata tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali CRP iliyozidi 5 itumike kuwachuja watu wenye VVU ili kujua nani apimwe zaidi kifua kikuu. Nimonia ya bakteria huipandisha kuliko virusi vingi vya mafua, jino lenye usaha pia, hata kidonda cha mguu ambacho mgonjwa wa kisukari hakisikii. Ndiyo maana nakuomba mambo mawili ambayo hukuyataja. Mama apimwe malaria kama hajapimwa, maana kipimo cha UVIKO-19 kusoma chanya hakumzuii mbu. Na mvue soksi umtazame nyayo na katikati ya vidole.

Limfosaiti, aina moja ya seli nyeupe za kinga, ndizo zilizomfanya kijana yule aseme kinga imeshuka, na hapa namwelewa. Kwa mtu mzima huwa kati ya 1.0 na 4.0 hivi, na mama ana 0.7. Lakini damu unayochota mkononi ni barabara tu; askari waliotoka barabarani si lazima wamekufa. Katika ugonjwa mkali wa virusi vya njia ya hewa, limfosaiti nyingi huhamia kwenye mapafu na kwenye tezi, nyingine hufa kweli, na homoni ya msongo inayotoka juu ya figo huzidi kuziondoa kwenye mzunguko. Wakati huohuo uboho humwaga nyutrofili mpya, seli nyeupe za aina nyingine. Matokeo yake limfosaiti hushuka na nyutrofili hupanda. Madaktari hupenda kugawanya ya pili kwa ya kwanza: kwa mama, 6.3 kugawanya kwa 0.7 ni 9, ilhali kwa mtu mzima wa afya huwa kati ya 1 na 3. Tangu miezi ya kwanza ya janga, kule Wuhan, ilionekana kwamba wagonjwa wanaozidiwa huwa na uwiano mkubwa. Basi 9 ya mama ni ishara ya kumwangalia kwa karibu. Si hukumu.

Hapa nina dukuduku moja ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulipitia juu juu. Wengi wetu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara tuna nyutrofili chache kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Chanzo ni mabadiliko ya kurithi kwenye alama ya damu iitwayo Duffy, yaleyale yanayotukinga na aina moja ya malaria, vivaksi. Mipaka ya uwiano huu ilichorwa kwa wagonjwa wa China na Ulaya. Mgonjwa wetu anaweza kuonekana ana uwiano mzuri kwa sababu tu nyutrofili zake ni chache toka utotoni, na daktari akaridhika mapema. Kama mama ana karatasi ya zamani ya FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu), ya kliniki ya kisukari labda, ichukue uende nayo. Kumlinganisha na yeye mwenyewe kunafaa kuliko kumlinganisha na jedwali.

Feritini na D-dimer nitazipita haraka. Feritini ni ghala la chuma mwilini, lakini nayo hupanda kwenye mwako wowote, na mtu mwenye kisukari na mafuta kwenye ini anaweza kuwa nayo juu hata akiwa mzima. 780 kwa siku ya 6 ni ya kati. D-dimer ni vipande vinavyobaki damu iliyoganda ikiyeyuka. Hupanda kwa umri, kwa ujauzito, kwa upasuaji, kwa maambukizi yoyote. Angalia pia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba, kwa sababu maabara hutumia aina mbili za vizio na moja hutoa takriban mara mbili ya nyingine. Nimeona familia ikilia kwa ajili ya namba iliyobadilika kwa kuhama maabara tu. Hiyo 0.9 peke yake haimfanyi mama aanzishiwe dawa za kuzuia damu kuganda nyumbani. Ingekuwa mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kimemchoma ghafla akivuta pumzi, ningesema vingine.

Sasa niende kwenye moyo wa swali lako: namba zinatabiri? Zinatabiri kwa kundi, na zinakosea kwa mtu mmoja mmoja. Uingereza walitengeneza alama za kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliofika hospitali, kutoka 0 hadi 21, kwa kutumia makumi ya maelfu ya wagonjwa wa mwaka 2020. CRP imo ndani yake. Lakini tazama uzito wake. CRP kati ya 50 na 99 inapata alama 1, ikifika 100 inapata 2, basi. Umri wa miaka 60 hadi 69 peke yake ni alama 4. Oksijeni ya damu kuwa chini ya asilimia 92 ni 2, kuchanganyikiwa akili ni 2, kupumua mara 30 na zaidi ni 2. Yaani hiyo 96 iliyokunyima usingizi imemwongezea mama alama moja, wakati miaka yake 63, ambayo hukuihofia, imemwongezea nne, na kisukari kimeongeza nyingine. Alama hizo zilitoka kwa watu wa Uingereza waliolazwa kabla ya chanjo, kwa hiyo sitazitumia kumtabiria mama aliye nyumbani. Nimezitaja ili uone madaktari wenyewe wanaipa CRP nafasi ndogo kiasi gani ikisimama karibu na pumzi na umri.

Jambo jingine linalokosekana kwenye karatasi ni siku. Ugonjwa huu una awamu mbili zinazopishana. Virusi huwa vingi zaidi siku za mwanzo, kisha hupungua. Anayezidiwa huzidiwa mara nyingi kuanzia siku ya 7 hadi ya 10, wakati virusi vinapungua na mwako ndio umeshika hatamu. CRP ya 96 siku ya 2 ingenifanya nitafute bakteria. Siku ya 6, kwa mtu wa miaka 63 mwenye kisukari, naiona mara kwa mara, kwa wanaopona na kwa wanaozidiwa. Siku zilizo mbele yenu, kuanzia kesho hadi siku ya 10 hivi, ndizo za kukesha naye, hata kama homa imeshuka. Familia nyingi hulegeza uangalizi homa ikiisha, na mgonjwa hubaki peke yake chumbani saa ileile pumzi inapoanza kubadilika.

Kwa nini basi mmoja azidiwe na mwingine apone kwa virusi vilevile? Watu husema kinga dhaifu, wengine husema kinga iliyopagawa. Picha halisi ina kona zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa maabara ya Jean-Laurent Casanova, New York na Paris, waliwapima wagonjwa 987 waliokuwa na nimonia ya UVIKO-19 ya kutishia maisha. Wagonjwa 101 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe, na interferoni ndiyo kengele ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Katika wagonjwa 663 walioumwa kidogo au wasiohisi chochote, hakupatikana hata mmoja. Kingamwili za namna hiyo huongezeka baada ya miaka 70, na zimeonekana pia kwa baadhi ya wanaozidiwa na homa ya mafua ya kawaida. Umeona? Kengele ya mwanzo haikulia, virusi vikazaliana bila kizuizi, halafu kinga ya baadaye ikaja kwa kishindo na kuharibu mapafu. Mtu huyohuyo ana kinga iliyochelewa na kinga iliyozidi. Hakuna kidonge cha "kuongeza kinga" kinachojua kuongeza ile ya kwanza na kuacha ile ya pili.

Kwa hiyo vidonge vya jirani viwekeni kabatini. Mshukuruni, maana ni upendo. Chai ya tangawizi na ndimu mama anywe kama inamfanya anywe maji zaidi. Kujifukiza sikupendi kwa mtu wa kisukari mwenye miguu yenye ganzi: sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imetuletea wodini watu walioungua, na kidonda cha moto kwa kisukari ni kesi nyingine kabisa.

Deksamethasoni ndiyo inayonifanya niandike kwa mkazo. Ni dawa ya steroidi inayotuliza mwako, nzuri mno, na kwa mama, leo, inaweza kumdhuru. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitoa majibu Juni 2020. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 kwa waliopewa deksamethasoni, dhidi ya 41.4 kwa wasiopewa. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni ya kawaida, 23.3 dhidi ya 26.2. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa mshale uligeuka: 17.8 kwa waliopewa, 14.0 kwa wasiopewa. Hiyo ya mwisho haikuthibitisha kwa uhakika kwamba dawa inaua, lakini haikuonyesha faida, na dalili ya madhara ilikuwepo. Tazama kilichoamua nani anufaike: oksijeni, si CRP. Hata tosilizumabu, dawa inayoziba interlukini-6 moja kwa moja, jaribio hilohilo liliwapa wagonjwa wenye CRP ya 75 na zaidi ambao pia oksijeni yao ilikuwa imeshuka. CRP haikutosha peke yake hata hapo.

Ongeza na ya kwetu. Deksamethasoni hupandisha sukari, na mama tayari ana kisukari na maambukizi, vyote viwili vinaisukuma juu. Huamsha kifua kikuu kilicholala. Huwapa nafasi minyoo ya strongailoidi isambae mwili mzima kwa mtu aliyekuwa nayo bila kujua. Hospitali tukiitoa tunajua tunamtazama nani. Dukani hakuna wa kumtazama. Azithromaisini, ambayo ni antibayotiki, nayo ilijaribiwa na RECOVERY hao hao na haikupunguza vifo. Kama daktari atasikia dalili za bakteria kifuani, atachagua antibayotiki inayofaa. Vidonge vya kupunguza virusi vyenyewe hufaa vikianzwa ndani ya siku 5 za mwanzo, na mko siku ya 6, kwa hiyo msijilaumu wala msivitafute kwa bei ya kulanguliwa.

Kilicho na thamani zaidi kwa fedha zenu ni kile kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni. Azimeni au nunueni. Mfuteni mama rangi ya kucha, na kama vidole vina piko tafuteni kidole kisicho nayo. Mkono uwe na joto, akae kimya, msubiri namba itulie nusu dakika. Kuanzia 95 kwenda juu, endeleeni nyumbani. Kati ya 90 na 94, hospitali leo. Chini ya 90, dharura. Ila kifaa hiki kina kasoro inayotuhusu: hukadiria oksijeni juu zaidi kwenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 uliwaangalia watu ambao kifaa kilisoma 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88 walipopimwa damu ya mshipa wa ateri; kwa weupe ilikuwa 3.6. Kwa hiyo nimeupandisha mpaka wa hospitali kidogo makusudi. Na kama kifaa kinasema 95 lakini mama anahema, aminini macho yenu. Jaribu pia kumtembeza chumbani hatua 40 huku kifaa kikiwa kidoleni. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mpelekeni hata kama akiketi inarudi. Jaribio hili lisifanywe kama tayari yuko chini ya 95 akiwa ameketi.

Zipo dalili nyingine zisizohitaji kifaa: kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au ulimi kuwa na rangi ya samawati, kifua kubana, kuchanganya majina ya wajukuu, usingizi usioamshika vizuri, kushindwa kunywa, mkojo kupungua sana. Yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali yenye oksijeni, si zahanati ya jirani. Pigeni simu kwanza kuuliza kama oksijeni ipo. Nimewahi kuona saa nzima ikipotea getini kwa sababu hiyo.

Kaka yako na hoja yake ya kupima kila siku: hapana, lakini si hapana ya moja kwa moja. CRP ikikosa kichocheo hupungua kwa karibu nusu kila saa 19, kwa hiyo mwelekeo wake una maana kuliko namba ya siku moja. Kama mama anapumua vizuri, rudieni CRP na FBP mara moja, baada ya saa 48. Ikishuka kuelekea 40 na anakula, mpumue. Ikibaki pale pale naye yuko vilevile, endeleeni kuhesabu pumzi. Ikipanda hadi 150 au 200 huku homa imerudi baada ya kukata, hapo nashuku bakteria wamepandia juu ya virusi, na anahitaji daktari amsikilize kifua na eksirei. Namba za oksijeni na pumzi ziandikeni asubuhi, mchana na usiku kwenye daftari moja, pamoja na sukari yake, maana maambukizi huivuruga hata asipokula. Sukari ikizidi 15 (kwa kipimo cha mmol/L) mara mbili mfululizo, au akianza kutapika, msisubiri hizo saa 48. Mpelekeni na daftari lenu pamoja na karatasi zote za maabara, za jana na za zamani.